Bango Ukutani, Bango Mnadani: Thamani ya Mabango ya Roki ya San Francisco

Bango la tamasha ni andiko ambalo umri wake hujulikana tangu siku linapochapishwa. Hutundikwa siku chache kabla ya onyesho, husomwa na wapita njia, na onyesho likishapita huwa halina kazi tena. Mvua hulilowesha, bango jingine hubandikwa juu yake, na habari yake huishia hapo. Pengine ndiyo sababu wanafasihi wengi hawajapata kulihesabu bango miongoni mwa matini zinazostahili kuhifadhiwa, sembuse kuhakikiwa. Hata hivyo, yapo mabango yaliyokataa kufa. Mabango ya muziki wa roki yaliyochapishwa mjini San Francisco, Marekani, baina ya mwaka 1965 na 1971, yangali yanatafutwa, yanabishaniwa na kutundikwa katika majumba ya makumbusho, zaidi ya nusu karne baada ya dansi yaliyoitangaza kumalizika.

Makala haya yanashikilia mambo mawili. Kwanza, mabango hayo yaliokolewa na wakusanyaji wa kawaida, watu walioyapenda kabla hayajawa na bei, wakati vyuo na makumbusho vilikuwa vimeyapa kisogo. Pili, vipimo vya thamani vinavyotumiwa na soko la leo vinaelekea kuyaua mabango hayo mara ya pili, kwa kuyageuza kutoka maandishi ya kusomwa kuwa karatasi za kufungiwa. Suala hili linamhusu yeyote anayeshughulika na matini, kwa kuwa swali lililo chini yake ni la kifasihi: je, kuhifadhi maandishi ni kuhifadhi karatasi, au ni kuhifadhi usomaji?

Ni muhimu kuanza na chimbuko. Wanahistoria wa sanaa hii aghalabu huanzia mwezi Juni mwaka 1965, katika mji mdogo wa Virginia City, jimbo la Nevada. Huko ndiko bendi iliyoitwa The Charlatans ilikokwenda kupiga muziki katika baa ya Red Dog Saloon, na wanabendi wawili, George Hunter na Michael Ferguson, wakachora bango la kuitangaza safari hiyo. Bango hilo lilijulikana baadaye kwa jina la The Seed, yaani Mbegu. Jina lilisadifu, kwani mwaka uliofuata mbegu hiyo iliota San Francisco. Kumbi mbili za dansi zilianza kushindana kila mwisho wa juma: Fillmore Auditorium, chini ya Bill Graham, na Avalon Ballroom, iliyoendeshwa na Chet Helms pamoja na kikundi chake cha Family Dog. Kila onyesho lilihitaji bango, na kila bango lilipewa namba. Mfululizo wa Graham ulifika namba 287 alipoufunga ukumbi wake wa Fillmore West mwezi Julai mwaka 1971.

Mtindo wa mabango hayo uliitwa saikedeliki. Neno hilo liliundwa katika miaka ya 1950 na daktari Humphry Osmond kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la nafsi na jingine la kudhihirisha. Lilihusu athari za dawa kama LSD, ambayo haikuwa imepigwa marufuku California hadi tarehe 6 Oktoba 1966. Haifai kulificha jambo hili, wala haifai kulitukuza. Dawa ziliwaharibu wengi katika kizazi hicho. Lakini mhakiki anayedhani kwamba mabango haya ni ndoto za walevi zilizomwagwa kwenye karatasi amekosea sana, kwa maana wachoraji wake walikuwa mafundi waliojua walichokifanya.

Mathalani, mtazame Wes Wilson. Maumbo yake ya herufi, zile herufi nene zinazovimba juu na kubanwa chini hadi zikafanana na ndimi za moto, yalitokana na herufi za Alfred Roller, msanii wa lile kundi la Vienna lililojitenga na chama rasmi cha wasanii mwaka 1897. Wilson alizikuta herufi hizo katika katalogi ya maonyesho ya mabango ya Kijerumani yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1965. Akazichukua, akazivuta na kuzikunja hadi zikaijaza nafasi yote ya karatasi. Katika bango lake la mwezi Julai mwaka 1966 la bendi ya The Association, maneno yote ni mwali mmoja mwekundu unaowaka juu ya uwanja wa kijani. Inasimuliwa kwamba Graham alilalamika kuwa mabango ya Wilson hayasomeki, naye Wilson akamjibu kuwa hiyo ndiyo sababu ya watu kusimama na kuyatazama.

Naye Victor Moscoso, mzaliwa wa Uhispania, alisomea Yale chini ya Josef Albers, mwalimu mashuhuri wa nadharia ya rangi. Alifundishwa kwamba rangi mbili zinazopingana, zikiwa na nguvu sawa, zisiwekwe bega kwa bega, kwa sababu jicho hushindwa kutulia katika mpaka wa rangi hizo. Moscoso aliigeuza kanuni hiyo juu chini. Aliziweka rangi hizo bega kwa bega makusudi, hadi bango likaonekana kutetemeka machoni pa mtazamaji kama ngozi ya ngoma inayopigwa. Huwezi kuivunja sheria kwa ustadi namna hiyo bila kwanza kuijua barabara.

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuitambua mbinu hiyo. Mwaka 1917 Viktor Shklovsky, mhakiki wa Kirusi, alidai kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, ili mtu acheleweshwe kidogo katika kukitambua na hivyo akione upya. Bango la kawaida la biashara hutaka lisomwe kwa nukta moja kutoka ndani ya gari linalopita. Bango la Wilson lilimtaka msomaji ashuke, asimame, ainamishe kichwa na asome polepole, herufi kwa herufi. Aliyefaulu kulisoma alijiona kuwa amealikwa, na aliyeshindwa alijua kwamba dansi hiyo si yake. Kwa hiyo umbo la bango lilikuwa sehemu ya maana yake, kama vile vina na mizani vilivyo sehemu ya maana ya shairi.

Ukusanyaji wenyewe ulianza palepale ukutani. Mabango yalikuwa yakitoweka kwenye nguzo na madirisha ya maduka karibu mara tu yanapotundikwa, yakichukuliwa na wapita njia ili wakayabandike vyumbani mwao. Waandalizi hawakukasirika sana. Baadhi ya mabango yaligawiwa bure kwa watu waliofika ukumbini, na punde si punde mengine yakaanza kuchapishwa upya kwa ajili ya kuuzwa. Kufikia tarehe 1 Septemba 1967 jarida la Life liliiweka habari ya mabango kwenye jalada lake. Mwezi Julai wa mwaka huohuo wachoraji watano, yaani Wilson, Moscoso, Rick Griffin, Alton Kelley na Stanley Mouse, walikuwa wamefanya maonyesho ya pamoja mjini San Francisco. Tangu hapo wakajulikana kama wale Watano Wakuu.

Lakini umaarufu wa msimu mmoja haulindi karatasi kwa miaka hamsini. Kilichoyalinda mabango hayo ni masanduku chini ya vitanda, majalada kabatini na subira ya watu wasio na vyeo. Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika mwezi Mei mwaka 1985, ofisi ya Bill Graham ilipochomwa moto na kumbukumbu zake nyingi kuteketea. Laiti nakala zote zingekuwa zimekusanywa mahali pamoja, hata kama mahali hapo ni kwa mwenye mali, hasara ingekuwa kubwa zaidi. Zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimetawanyika katika nyumba za umma uliozipenda.

Isitoshe, wakusanyaji hawakuhifadhi karatasi tu bali pia maarifa. Kwa kuwa mabango mengi yalichapishwa zaidi ya mara moja, ilibidi wajue ipi ni chapa ya kwanza, iliyotoka kabla ya onyesho, na ipi ilichapwa baadaye kwa ajili ya wanunuzi. Walipima unene wa karatasi, wakalinganisha wino, wakasoma jina la mpiga chapa lililoandikwa kwa herufi ndogo ukingoni, wakawahoji wachoraji na wapiga chapa waliokuwa bado hai. Mkusanyaji Eric King aliandika mwongozo mzima kuhusu mifululizo ya Graham na Family Dog, akieleza tofauti za chapa moja baada ya nyingine. Nacho kitabu cha Paul Grushkin kilichotoka mwaka 1987, The Art of Rock, kiliyaweka mabango hayo mbele ya macho ya wasomaji waliokuwa wachanga mno au mbali mno kuyaona ukutani.

Kazi hiyo si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yangepotea na wazee wa Mombasa waliokuwa wakiyakariri lau Mwalimu Sikujua hangeyakusanya na kumpa W. E. Taylor pamoja na maelezo yake. Ndipo baadaye W. Hichens akaweza kuyatoa kitabuni mwaka 1940. Sikujua hakuwa mfanyabiashara wa karatasi. Alikuwa msikilizaji na msomaji aliyejua kuwa shairi lisilo na maelezo ya mazingira yake ni nusu ya shairi. Mkusanyaji wa bango anayeuliza limechapwa lini, na nani, kwa ajili ya nani na kwa nini, anafanya kazi ya uhakiki matini, hata kama hajawahi kuingia katika darasa la uhakiki.

Kinyume cha hayo ndicho kinachoshuhudiwa sokoni. Kwa muda sasa thamani ya bango imekuwa ikipimwa kwa usafi wake. Tundu la pini katika pembe huishusha bei, sawa na alama ya stepo, mkunjo na doa la gundi. Katika miaka ya karibuni zimezuka kampuni zinazolipokea bango, kulipa alama za ubora hadi 10, kisha kulifungia ndani ya ganda la plastiki lisilofunguliwa bila kuvunjwa. Nakala za chapa ya kwanza zilizotunzwa hivyo huuzwa kwa bei za kutisha. Bango moja la Mouse na Kelley la mwaka 1966 limewahi kupita dola 100,000 mnadani.

Hapa pana kinaya ambacho hakistahili kupitwa kimyakimya. Bango lenye matundu ya pini ndilo lililofanya kazi yake: lilitundikwa, likasomwa, likaita watu dansini. Bango lisilo na tundu hata moja huenda halikupata kutundikwa. Lilitoka kwa mpiga chapa likaingia sandukuni, halikumwita mtu wala halikusomwa na mtu. Soko limeamua kwamba hili la pili ndilo bora. Ni sawa na kusema kwamba kitabu bora cha maktaba ni kile ambacho kurasa zake hazijawahi kufunuliwa, au kwamba mswada wa utenzi una thamani zaidi usipokuwa na maandishi ya pambizoni ya wale waliousoma. Wanaoshughulika na miswada wanajua kwamba maandishi hayo ya pambizoni ndiyo mara nyingi yanayotoa ushahidi wa namna kazi ilivyopokelewa. Tundu la pini nalo ni ushahidi wa aina hiyo.

Historia ya hilo bango la Mouse na Kelley inaufafanua mjadala huu vizuri zaidi. Lilitangaza maonyesho ya Grateful Dead katika ukumbi wa Avalon tarehe 16 na 17 Septemba 1966. Katikati yake pamesimama kiunzi cha mifupa ya mtu kilichovikwa shada la mawaridi kichwani. Picha hiyo haikubuniwa na wachoraji hao wawili. Ilichorwa na Mwingereza Edmund J. Sullivan kwa ajili ya toleo la mwaka 1913 la Rubaiyat za Omar Khayyam, katika tafsiri ya Kiingereza ambayo Edward FitzGerald aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1859. Mouse na Kelley waliikuta katika maktaba ya umma ya San Francisco. Kwa simulizi ya Mouse mwenyewe, kitabu hakikuruhusiwa kutoka, basi Kelley akautoa ukurasa huo kwa kisu. Wakaupaka rangi, wakauzungushia herufi, na nembo ya bendi ikapatikana.

Kwa Mswahili mnyororo huu una pete moja zaidi. Tafsiri hiyohiyo ya FitzGerald ndiyo iliyomfikia Shaaban Robert, naye akaitia katika lugha yake kwa kitabu alichokiita Omar Khayyam kwa Kiswahili. Neno rubai lenyewe lina udugu na tarbia ya washairi wa Kiswahili, kwani yote mawili yametokana na shina moja la Kiarabu la idadi ya nne. Hivyo, mshairi wa Kiajemi aliyefariki mwaka 1131 alifika Tanga kwa njia moja na San Francisco kwa njia nyingine, kila mahali akivikwa vazi la mahali hapo. Msomaji anayelitazama bango hilo akijua hayo huona mazungumzo ya karne nyingi kuhusu kifo na uzuri unaopita. Anayelitazama kupitia ganda la plastiki huku akiisoma namba ya ubora tu huona karatasi safi. Zaidi ya hayo, hajui kwamba hicho anachokisifu kwa kutokuwa na dosari kilizaliwa kutokana na kitabu cha umma kilichokatwa ukurasa, kitendo ambacho mwanafunzi yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha rejea na kukuta ukurasa anaouhitaji umeng'olewa hawezi kukichekelea.

Soko lina kosa jingine, nalo ni la kutukuza majina machache. Mnamo mwaka 1967 Wilson aliachana na Graham kwa sababu ya malipo, na katika bango lake la mwisho akachora nyoka na alama ya dola kama kijembe. Pengo lake lilizibwa na Bonnie MacLean, aliyekuwa mke wa Graham, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiandika matangazo ya chaki ukumbini. Alichora mabango mengi ya Fillmore mwaka huo, yenye nyuso tulivu kama za watawa katika vioo vya makanisa ya kale. Lakini yeye hakuingizwa katika wale Watano Wakuu, na kwa miaka mingi wanunuzi waliofuata majina badala ya macho walimpita. Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu hali hii. Orodha ya watunzi wateule ikishafungwa, aliyeachwa nje huonekana kana kwamba hakuwahi kuandika.

Wasanii wenyewe, aghalabu, hawakufaidi bei hizo. Bango linapouzwa tena mnadani, anayelipwa ni aliyekuwa nalo. Moscoso aliliona hilo mapema. Mwaka 1967 aliunda mfululizo wake mwenyewe alioupa jina Neon Rose, akabaki na hakimiliki yake badala ya kuiachia kumbi za dansi. Mwenye kutaka kujua kama ukusanyaji unamheshimu msanii, na aanze kwa kuuliza nani anamiliki haki, si nani anamiliki nakala.

Zipo hoja za kulitetea soko, na haifai zipuuzwe. Kitu chenye bei hakitupwi jalalani. Mrithi anayeambiwa kwamba karatasi ya babu yake ina thamani ya gari ataitunza, ilhali asiyeambiwa ataifungia takataka. Vilevile, wino wa mabango hayo hufifia juani na karatasi yake huwa manjano, kwa hiyo kuyakinga na mwanga na mikono ni wajibu. Hoja hizi ni za kweli, ila zinatosha kwa karatasi peke yake. Ganda la plastiki humzuia hata mtafiti kuupima unene wa karatasi au kuutazama mgongo wa bango, yaani hufunga njia zilezile ambazo wakusanyaji wa mwanzo walizitumia kutofautisha chapa. Kadhalika, bei ikishapanda mno, maktaba na makumbusho haziwezi kununua, nalo bango huhama kutoka hazina moja ya siri hadi nyingine.

Kwa bahati njema, baadhi ya taasisi zimeamka. Makumbusho ya Sanaa ya Denver yaliyaonyesha mabango haya mwaka 2009, na makumbusho ya de Young ya San Francisco yakafanya hivyo mwaka 2017, miaka hamsini baada ya ule msimu wa joto uliovuma wa mwaka 1967. Sehemu kubwa ya kilichotundikwa katika maonyesho ya aina hii hutoka katika mikono ya wakusanyaji, au kilipitia humo kabla ya kufika makumbushoni. Taasisi zilikuja baadaye, zikakuta kazi ya kuchagua, kupanga na kueleza imekwisha kufanywa na watu waliokuwa wakichekwa kwa kuokota makaratasi.

Ni bayana, basi, kwamba mkusanyaji mwema ni msomaji kwanza. Huliweka bango mahali salama, lakini pia huandika lilikotoka, alilipata kwa nani, ni chapa ya ngapi na lilitangaza nini. Huliachia wengine walione. Hulithamini tundu la pini kama alama ya kazi iliyofanyika, wala halifichi. Akifika mwisho wa safari yake, hulipeleka mahali ambapo mwanafunzi asiye na senti anaweza kulisoma bila kulipia. Bango la Wilson lilichorwa ili limlazimishe mpita njia kusimama na kusoma. Likifungiwa mahali pasipo mpita njia, hata likipewa alama kumi juu ya kumi, litakuwa limepotea.